Kituo cha kuangalizia nyota kinachotembea, tengeneza kwa kirikuu hapahapa Dar

Wadau, kama unataka watoto wa Mbagala au Gongo la Mboto waone pete za sayari ya Zohali kwa macho yao huhitaji jengo lenye kuba, tafuta kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), darubini ya kioo ya inchi 8 na stendi ya mbao aina ya Dobson, basi. John Dobson ndo aliyeipa umaarufu stendi hiyo, alikuwa anaweka darubini kando ya barabara kule San Francisco wapita njia waangalie bure, na sisi tunataka hichohicho.

La kwanza kabisa, darubini USIIFUNGE kwenye bodi ya gari. Gari lina springi, mtu akiliegemea tu linacheza, afu darubini ikiwa inakuza mara 120 na ule mtikisiko unakuzwa hivyohivyo. Gari libebe tu, mkifika darubini inashuka chini, na isikae kwenye lami maana lami imekula jua mchana kutwa, usiku inatoa joto na nyota zinatetema kwenye lenzi. Tafuta udongo au majani. Kama ni mchanga wa Coco Beach weka vipande vya mbao chini ya miguu.

Stendi waone mafundi fenicha wa Keko, wakukatie marini bodi (plaiwudi inayovumilia maji) ya milimita 18, duara mbili zinazoshikwa na bolti katikati, na boksi la kubeba bomba la darubini juu yake. Kati ya duara weka vipande vitatu vya plastiki ngumu, hata ubao wa plastiki wa kukatia mboga unafaa, izunguke laini bila kuruka. Zile stendi za mota zinazotaka kulengwa kwenye ncha ya anga (ile sehemu nyota zinaonekana kuizunguka) zitakutesa bure, sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta kwa hiyo ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, mwembe mmoja unaificha. Ila ya Dobson nayo ina ugumu wake, huku kwetu sayari zinapita karibu na utosi na hapo inakuwa ngumu kuizungusha, we zinase masaa mawili kabla au baada. Stuli imara kwa watoto ni lazima.

Njiani bomba lilale juu ya sponji nene, na mkifika nyoosha vioo upya vitazamane sawasawa kila safari, barabara zetu mnazijua. Afu acha wazi nusu saa kioo kipoe.

Fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya skwea paipu ubavuni ya kushikilia turubai jeusi, lizuie taa za mtaani. Msimu wa kusi egesha gari upande wa kusini mashariki likinge upepo. Betri moja ya 12V inatosha kwa taa nyekundu, jenereta la nini, kelele tu.

Jua lisiangaliwe kamwe bila filta maalumu mbele ya bomba, linapofusha PAPO HAPO, na mchana darubini isiachwe wazi watoto wakiwa karibu. Leza ya kuonyeshea nyota usielekeze kwenye ndege, hasa maeneo ya Kipawa karibu na uwanja wa ndege.

Juni mpaka Septemba ndo mbingu safi zaidi. Masika ikikolea fungia kioo na lenzi kwenye ndoo yenye mfuniko mzuri na silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu) ndani, unyevu wa Dar unaotesha ukungu kwenye lenzi haraka sana.