Kabla hujachomoa lupu: mambo ya kuzingatia kwa anayeanza kukaiti (kuteleza majini kwenye bodi ukivutwa na kaiti, yaani tiara kubwa) bila huku

Kila msimu wa kusi ukishika hapa Paje, Zanzibar, namuona kijana mmoja au wawili, juzi tu wamejua kusimama kwenye bodi na leo washachomoa lupu (pete iliyo chini ya baa, ile fimbo ya kuongozea kaiti) kwenye huku (ndoano ya hanesi, mkanda wa kiunoni) wanavutwa na mikono mitupu, ukimuuliza lishi yako, ile kamba inayokuunganisha na kaiti, umeifunga wapi anakutazama tu. Ndo maana naandika hapa. Soma kabla hujaingia majini.

Kama bado huwezi kubisha, yaani kupanda kinyume na upepo, ukarudi pale ulipoanzia, hii si yako kwa sasa. Kofia ngumu vaa. Vesti ya kukinga mbavu vaa, ila iwe fupi isije ikafunika huku maana utakapotaka kurudisha lupu utaitafuta huioni. Kisu cha kukatia laini (kamba za kaiti) kiwe kwenye hanesi. Kile kipira kinachozuia lupu isichomoke kitoe au kigeuze ukiwa ufukweni, usiende kuhangaika nacho kule. Stirapu za bodi, ile mikanda ya miguu, zibane vizuri, na buti za kufunga mguu mzima achana nazo mpaka uzoee.

Sasa kaiti yenyewe. Zile zilizopinda kama upinde, ambazo zimeenea tangu mwaka 2005 hivi, ni nzuri sana kwa kusafiri na kuruka ukiwa umehuku kwa sababu ukisukuma baa nguvu yote inaondoka, lakini ukishachomoa lupu huna tena pa kusukuma, baa iko mwisho wa kuvutwa muda wote, na nyingi kati ya hizo zikivutwa hivyo zinakaba upepo zinarudi nyuma, au mzigo wote unahamia laini za nyuma mikono inakufa kabla hujafanya lolote. Inayofaa ni ile yenye umbo la C, au yenye kukaribia C, mzigo wake unakaa laini za mbele, na ukishapaa inatulia ilipo na laini zinalegea kidogo ndo unapata nafasi ya kufanya mambo yako. Saizi usiwe na tamaa. Mtu wa kilo 70 kwenye upepo wa noti 15 hadi 18, kaiti ya mita 10 za mraba inamtosha kujifunzia, upungukiwe kidogo kuliko uzidiwe.

Trimu, yaani kufupisha laini za mbele ili kupunguza nguvu ya kaiti, ndo watu wanaisahau. Kabla ya kuchomoa vuta ule mkanda wa trimu, kisha ukiwa bado umehuku na kaiti iko juu kwa mshazari, si utosini na si chini karibu na maji, vuta baa mpaka mwisho uishikilie hivyo hivyo unatembea, hesabu mpaka kumi. Ikianza kurudi nyuma, vuta tena trimu. Ikikubeba ukashindwa kukaza ukingo wa bodi, vuta tena. Ikitulia kumi nzima, hapo elekea kidogo chini ya upepo ili mvuto ulegee, mikono iwe katikati ya baa, vuta baa kwako huku ukiinua kiuno, lupu itadondoka yenyewe. Kurudisha ni hivyo hivyo, unalegeza kwanza, huvutani nayo kwa nguvu.

Na wengi wetu hapa gia tunanunua mkononi kwa wageni wanaoondoka, baa imeshakula misimu miwili mitatu. Laini za mbele, zile za katikati ya baa, ndo zinabeba uzito wa mtu siku zote kwa hiyo zinanyooka zaidi, za nyuma zinabaki fupi, na kaiti inakuwa kama umeivuta baa hata kabla hujaivuta. Funga ncha zote nne kwenye mnazi kwa urefu mmoja, rudi nyuma mpaka laini ziishe, achia trimu yote, vuta baa mpaka mwisho uangalie. Zote nne zinatakiwa zikaze sawa. Za mbele zikining'inia wakati za nyuma zimekaza, sogeza vifundo urefushe za nyuma kabla hujaenda popote.

Mimi sikufunga kwenye mnazi. Nilinunua baa kwa mgeni mmoja asubuhi anaondoka, bei nzuri, mchana maji yanajaa nikaingia nayo. Na lishi nikaifunga kama nilivyoona wale wanaojua wanafunga. Hapa nieleze maana ndo penyewe. Lishi ina njia mbili. Ukiifunga kwenye laini ya usalama, ukiachia baa kaiti inabaki inashikwa na laini moja tu ya mbele, inaanguka inapepea kama kanga kwenye kamba, haikuvuti. Njia ya pili unaifunga kwenye lupu yenyewe, ukiachia baa inakwenda juu lakini kaiti inaendelea kuruka, na hiyo wanaitumia wanaopitisha baa nyuma ya mgongo ili wasianze kuinyanyua kaiti upya kila wakikosea. Wazungu wenyewe wanaiita lishi ya kujiua, na mimi ndo niliyofunga, siku ya kwanza, klipu ya kuifungulia iko nyuma ya hanesi kwenye mgongo.

Nikachomoa. Sekunde mbili kaiti ikaanza kurudi nyuma, na mimi kwa woga nikavuta zaidi badala ya kuachia, ikashuka mpaka karibu na maji halafu ikakamata upepo kwa mkupuo, baa ikanitoka. Laini ya nyuma ikajizungusha kwenye ncha ya baa, basi kaiti ikaanza kuzunguka, kila mzunguko unanivuta kinyumenyume, uso unaingia majini natoka nanywa chumvi. Mkono unatafuta klipu mgongoni, hanesi imeshapanda mpaka kwapani na klipu imehama. Nikaipata, nikasukuma, haikufunguka. Ilikuwa imejaa mchanga, tangu mwenyewe aitumie hakuna aliyewahi kuifungua. Nikapita katikati ya shamba la mwani, kamba zinanikata miguu, kigingi kimoja kikanichana paja, nasikia bibi mmoja anapiga kelele "We mtoto, kamba zangu!" Nilipotia mikono yote miwili ndo klipu ikaachia, kaiti ikaenda kuishia kwenye mivinje imechanika kuanzia ukingo mpaka ukingo.

Kesho yake maji yalipokupwa nilikwenda kwa yule bibi, shikamoo, marahaba, hakunigombeza. Alinipa tai tai, vile vijikamba vya kufungia mwani, nikakaa naye kwenye maji ya magoti tunafunga vishada vya mwani upya kimoja kimoja, kamba tatu, na kila kishada nilichokuwa nafunga nilikuwa najua kwamba ile kazi ya wiki nzima nimeiharibu mimi kwa dakika moja kwa sababu sikufungua klipu kuitazama.

Kwa hiyo lishi: funga kwenye laini ya usalama, klipu iwe mbele au ubavuni mkono unapofika bila kutafuta, ifungue na kuifunga mara tano ufukweni kabla ya kila kuingia, kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Halafu nenda maji ya kiunoni upepo ukiwa mdogo, uachie baa kwa makusudi, uone kwa macho yako kaiti inalala. Isipolala usichomoe lupu siku hiyo. Na ujizoeze kuachia, maana mkono wa binadamu ukiogopa unakamata, lazima ufundishwe.

Maji nayo. Bamvua hapa kwetu maji yanakupwa mpaka mbali kabisa karibu na mwamba, panabaki mchanga na maji ya kifundo cha mguu, ukianguka kwa mgongo pale hakuna kinachokupokea. Chagua saa maji yako kifuani, na ukumbuke kila siku yanachelewa kama dakika 50, saa ya juzi si saa ya leo. Kaa mbali na vigingi vya mwani hata kama maji yamevifunika, wanaolima pale ni mama zetu na hicho ndo chakula cha nyumbani. Kaa mbali pia na ngalawa zilizotia nanga, na wanafunzi wa shule za kaiti wanaojifunza kando.

Usiingie peke yako. Ijumaa mchana ufukwe mtupu, watu wako msikitini, ukiomba msaada hakuna wa kukusikia, subiri watoke. Wingu jeusi likisimama upande wa bahari toka mapema, usingoje upepo ubadilike. Maji ya kunywa chukua, jua la Paje linachosha mtu bila kujijua na mikono iliyochoka haiachii kwa wakati. Ukitoka suuza klipu ya lishi kwa maji baridi ya bomba, ifungue, itikise mchanga utoke, uifunge, uifungue tena.