Kuuza nyumba yenye hati na kuhamia ndogo: jinsi ya kuomba uhamisho wa milki Tanzania

Nyumba ya vyumba vitano yenye ua mkubwa ina raha yake watoto wakiwa wanasoma na ndugu wakija kukaa. Wakishatawanyika, wenye nyumba hubaki na paa la kukarabati, mlinzi wa kulipa na vyumba vitatu vinavyofunguliwa sikukuu tu. Kuuza na kuhamia nyumba ndogo ni uamuzi mzuri, na wastaafu wengi wa mijini hufika hapo. Kinachowatesa ni kuanza mambo kinyume. Dalali anatafutwa kwanza, mnunuzi anapatikana, nusu ya fedha inapokelewa, ndipo watu wanakumbuka karatasi, huku mnunuzi anapiga simu kila asubuhi. Anza na karatasi, mnunuzi aje baadaye.

Mwongozo huu ni wa nyumba yenye hati iliyosajiliwa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Kama una barua ya toleo tu (ofa ya kumilikishwa kiwanja), bado huna hati, na hakuna uhamisho unaoweza kusajiliwa mpaka ukamilishe umilikishaji. Mwenye leseni ya makazi naye anafuata utaratibu tofauti, unaoanzia halmashauri.

Kumbuka jambo moja kabla ya yote. Umiliki hauhami siku mnayosaini mkataba, wala siku fedha zinapoingia benki. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334, unahama pale uhamisho unaposajiliwa kwenye daftari la Msajili wa Hati. Muhuri wa serikali ya mtaa na saini za mashahidi watano haziwezi kuchukua nafasi ya usajili huo.

Kagua hati kabla ya kumwambia dalali

Toa hati kabatini, weka kitambulisho chako cha NIDA pembeni, linganisha majina herufi kwa herufi. Hati za miaka ya 1980 na 1990 mara nyingi zina majina mawili, au tahajia iliyopigwa taipu kwa haraka, wakati NIDA ina majina matatu. Tofauti hiyo ndogo inatosha kurudisha faili zima. Dawa yake ni kiapo cha majina mbele ya wakili, na kama jina lilibadilika kabisa, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Ukiishughulikia mapema ni kazi ndogo. Ukisubiri mpaka mnunuzi awe ameshalipa, inageuka sababu ya kukutilia shaka.

Kisha omba upekuzi rasmi, yaani kuangaliwa kwa kumbukumbu za hati yako kwenye daftari, katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Majibu yataonyesha nani amesajiliwa kuwa mmiliki, muda wa milki (miaka 33, 66 au 99) na ulianza lini, kama kuna rehani, na kama kuna zuio, yaani pingamizi lililosajiliwa na anayedai haki kwenye nyumba. Fanya upekuzi hata kama una hakika na nyumba yako. Watu wengi walimaliza mkopo wa benki zamani lakini rehani haikufutwa kwenye daftari. Benki ilirudisha hati, wao wakadhani yamekwisha. Kufuta rehani kunahitaji hati ya kuondoa rehani iliyosainiwa na benki, na benki nyingine huchukua muda kulitafuta faili la zamani.

Lipa kodi ya pango la ardhi yote unayodaiwa, pamoja na ya mwaka huu, na utunze stakabadhi. Kodi hii ni tofauti na kodi ya majengo, ambayo siku hizi hukatwa mnaponunua umeme wa LUKU. Wengi huzichanganya, wakaja ofisini wakiamini hawadaiwi kumbe pango lina miaka sita halijalipwa.

Kama hati imepotea, anza na taarifa ya polisi, kisha uombe hati nyingine kwa Msajili. Ombi hilo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze, kwa hiyo usimpe mnunuzi ahadi yoyote ya tarehe kabla halijakamilika.

Kama mmiliki aliyeandikwa ameshafariki, huwezi kuuza kwa kikao cha ukoo. Lazima mahakama imteue msimamizi wa mirathi (kwa Mahakama ya Mwanzo ndiyo ile Fomu Na. 4), kisha msimamizi asajiliwe kwenye hati yenyewe. Akishasajiliwa, ndipo anaweza kusaini uhamisho kwenda kwa mnunuzi.

Ridhaa ya mwenza

Hapa ndipo mauzo mengi hubatilishwa mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Andaeni ridhaa ya maandishi mbele ya wakili, ikiwa na picha na namba ya NIDA ya anayeridhia. Aliyefiwa, aliyeachika au ambaye hajaoa au kuolewa aandae kiapo cha hali yake ya ndoa, akiambatanisha cheti cha kifo au talaka inapohusika. Mume mwenye wake zaidi ya mmoja hawezi kumruka mke anayeishi kwenye nyumba hiyo, na ni busara apate saini za wote.

Watoto wakubwa si wamiliki na saini yao haihitajiki. Hata hivyo waambieni mapema. Mtoto aliyejenga vyumba viwili uani kwa fedha zake anaweza kudai maslahi na kuweka zuio, na zuio husimamisha kila kitu.

Uthamini, mkataba na fedha

Mtafute mthamini aliyesajiliwa. Atakuja kupima jengo na kupiga picha, atalinganisha na bei za eneo, kisha taarifa yake ipelekwe kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Thamani iliyoidhinishwa ndiyo itakayotumiwa kupima bei mliyoandika. Kwa hiyo ule ushauri wa mtaani wa kuandika milioni 40 kwenye mkataba wa nyumba iliyouzwa milioni 120 unawaumiza wote wawili. Mthamini atafika na bei ya kweli itaonekana. Mkigombana mahakamani, kitakachosomwa ni zile milioni 40. Na mnunuzi siku atakapouza, gharama yake itaonekana ndogo na kodi yake itakuwa kubwa.

Mkataba lazima uwe wa maandishi. Uandike namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu kama vilivyo kwenye hati. "Kiwanja Na. 214 Kitalu C" kikiandikwa Kitalu G kwenye fomu moja tu, maombi yanarudi. Andikeni pia nani analipa gharama ipi, tarehe ya kukabidhi nyumba, vitu vinavyobaki (tanki la maji, pampu, jenereta) na nini kitatokea usajili ukikwama. Kama kuna wapangaji, taja kodi waliyolipa mbele, maana mnunuzi ataikuta imeshatumika.

Fedha zifungwe kwenye hatua. Utaratibu unaofanya kazi vizuri ni malipo ya kwanza wakati wa kusaini, sehemu kubwa kuwekwa kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na kuachiwa uhamisho ukishasajiliwa. Usikabidhi hati halisi mikononi mwa mnunuzi kwa malipo ya kwanza. Nayo malipo hayo ya kwanza usiyakimbize kwenye nyumba ndogo uliyoipenda. Mauzo yakivunjika utatakiwa kuyarudisha, na mwenye nyumba ile hatakurudishia. Subiri angalau kibali cha uhamisho kitoke.

Kama mnunuzi si raia wa Tanzania, simama hapo hapo. Sheria ya Ardhi hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu maalum, na nyumba ya kuishi haimo.

Fomu tatu

Uhamisho wa hati una fomu zake zinazojulikana kwa namba: Fomu Na. 29, taarifa ya uhamisho, Fomu Na. 30, maombi ya kibali cha uhamisho. Na Fomu Na. 35, ambayo ndiyo hati ya uhamisho yenyewe. Muuzaji na mnunuzi wasaini mbele ya wakili, picha zibandikwe, na wakili aweke jina, anwani, tarehe na muhuri. Andaa nakala kadhaa zilizosainiwa kwa wino. Fotokopi ya saini haipokelewi kama saini.

Fungashia hati halisi, mkataba, ridhaa ya mwenza au kiapo, taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa, stakabadhi za pango, nakala za vitambulisho na TIN za pande zote mbili. Mstaafu asiye na TIN aiombe TRA mapema, kwa namba ya NIDA.

Kodi: hapa piga hesabu kwa kalamu

Muuzaji hulipa kodi ya mapato itokanayo na mauzo ya ardhi na majengo. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, kwa asiye mkazi kiwango ni kikubwa zaidi. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua kiwanja, kujenga na kuboresha, na gharama za kuuza kama wakili na dalali.

Tuseme umeuza kwa milioni 120. Kiwanja kilikugharimu milioni 15, ujenzi milioni 40, ukuta na kisima milioni 5, dalali na wakili milioni 5. Gharama zote ni milioni 65, faida milioni 55, kodi milioni 5.5. Lakini hesabu hiyo inasimama kwa risiti. Asiye na kumbukumbu za gharama, sheria iliyorekebishwa mwaka 2023 inampa mkazi njia nyingine: asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Uthamini ukisema milioni 126, kodi ni milioni 3.78. Nyumba nyingi za wastaafu zilijengwa kidogo kidogo kwa miaka kumi, saruji ikinunuliwa mifuko mitano mitano bila risiti, kwa hiyo mfahamishe afisa wa TRA hali yako ilivyo tangu mwanzo.

Kuna msamaha wa makazi binafsi. Uwe umeimiliki nyumba mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi, uwe umeishi humo jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida isizidi shilingi milioni 15. Ikizidi hapo, msamaha haupo. Kwa nyumba za miji mikubwa faida huzidi mara nyingi, basi usiuingize kwenye bajeti yako mpaka TRA wathibitishe.

Kodi hii hulipwa kabla ya uhamisho kusajiliwa, kwani Msajili anahitaji uthibitisho wa TRA ndipo aandike jina jipya. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Hati ipigwe stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, la sivyo kuna adhabu.

Kwa anayetaka kupunguza mzigo wa maisha, namba ya maana ni kinachobaki. Toa kodi, deni la pango, uthamini, wakili, dalali na kuhama, kisha uone kama kinachobaki kinanunua nyumba ndogo na kuacha akiba. Kisipotosha, afadhali ujue kabla ya kusaini. Wenye viwanja vikubwa hufikiria kugawa kiwanja na kuuza nusu. Inawezekana, lakini inahitaji kibali cha mamlaka ya mipango, mpima, kurudisha hati ya sasa na kutoa hati mpya mbili. Ni safari ndefu kwa mtu aliyekuwa anatafuta utulivu.

Ofisi ya ardhi na makabidhiano

Maombi huwasilishwa ofisi ya ardhi inayohusika na eneo lako. Kila mkoa una ofisi yenye Kamishna Msaidizi wa Ardhi, anayeshughulikia kibali, na Msajili Msaidizi wa Hati, anayesajili. Utapewa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Lipa kwa namba hiyo tu, benki au kwa simu, kamwe usitoe fedha taslimu mkononi. Andika namba ya faili na tarehe ya kupokelewa, na ukifuatilia utumie namba hiyo. Faili likirudishwa, omba sababu kwa maandishi ili urekebishe yote kwa mara moja.

Usajili ukikamilika, omba upekuzi mwingine kuhakikisha jina la mnunuzi limeandikwa, fedha zilizoshikwa ziachiwe, ndipo mkabidhiane funguo kwa hati ya makabidhiano yenye usomaji wa mita ya maji. Akaunti ya maji ihamishwe jina, maana bili inayoendelea kutoka kwa jina lako ni deni lako. Mita ya LUKU hubaki na nyumba. Mpe mnunuzi namba yake, na umjulishe TANESCO mmiliki amebadilika.

Kwenye nyumba ndogo, sasa wewe ndiye mnunuzi: upekuzi, ridhaa ya mwenza wa muuzaji, stempu, usajili. Ukichagua fleti, dai hati ya sehemu ya jengo chini ya sheria ya mwaka 2008, uulize ada ya mwezi ya lifti, ulinzi na usafi, na uone maandishi kwamba muuzaji hadaiwi ada hizo. Kisha kila risiti ya ununuzi na ukarabati, kuanzia ya wakili hadi ya fundi bomba, iweke kwenye faili moja pamoja na nakala ya hati mpya.