Kupiga picha sukari za juu ya seli bila kudanganywa na madoa

Seli zetu zote zimefunikwa na sukari kwa nje, na kujua zimepangwaje hadubini ya kawaida haikufikishi, vitu vikikaribiana chini ya nanomita 200 hivi inavichanganya vyote doa moja. Njia ninayoipenda ni dSTORM, yaani molekuli za rangi zinawaka kwa zamu na programu inaweka kidoa pale kila moja ilipo, inashuka mpaka nanomita 20 hivi.

Anza kwa kuzilisha seli Ac4ManNAz, mikromola 50 kwa siku 2. Hiyo ni sukari iliyobandikwa azaidi (kishikizo kidogo cha atomi tatu za naitrojeni), seli yenyewe inaigeuza kuwa asidi ya sialiki, moja ya sukari za juu ya seli, na kuipandisha juu kabisa. Sahani nyingine usiipe hiyo sukari ila mengine yote fanya sawasawa, na tafadhali usiiruke hii.

Halafu gandisha seli kwa kemikali, siyo kwa baridi. Fomaldehaidi peke yake haitoshi jamani, molekuli nyingine za kwenye utando zinaendelea kutembea, kwa hiyo ongeza glutaraldehaidi asilimia 0.2. Ndo uweke rangi ya Alexa Fluor 647 yenye DBCO, kishikizo cha kemikali kinachoshika azaidi bila kuhitaji shaba, kemia hii ndo iliyomfikisha Carolyn Bertozzi kwenye Nobel ya 2022. Osha sana. DBCO inashika pia salfa za protini, na ile sahani isiyolishwa ndo itakuonyesha ni kiasi gani.

Kwenye hadubini tumia leza nyekundu kali na bafa (maji ya kuwekea seli) yenye kemikali ya MEA na vimeng'enya vya kuondoa oksijeni, glukosi oksidesi na katalesi, ili rangi iwake na kuzima, piga fremu makumi elfu, na weka chembe za dhahabu kwenye kioo za kurekebisha picha ikisogea.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaponaswa. Molekuli moja ya rangi inawaka na kuzima mara nyingi, kila mara programu inaiweka pembeni kidogo ya pale ilipo, basi unaona vidoa vimejikusanya unasema sukari zinakaa kwa makundi kumbe ni molekuli moja tu! Kwa hiyo tawanya rangi hiyohiyo kwenye kioo kitupu, mbalimbali, leza ileile bafa ileile, uone moja inatoa vidoa vingapi na vinatawanyika kiasi gani, ndo ulinganishe na seli yako. Utando ukijikunja nao unaonekana kama kundi, upake rangi nyingine uone mikunjo iko wapi kabla hujahesabu chochote.