Somo: Kuchagua mteremko wa paa la bati kabla ya kununua mbao za kenchi

Mteremko wa paa huamuliwa na aina ya bati, umbali ambao maji yatasafiri juu ya bati hilo, pamoja na mvua na upepo wa mahali unapojenga. Hata hivyo, mara nyingi jambo hili huachwa mpaka siku mafundi wanapoanza kupaua, nao hulazimika kuamua kwa macho au kwa kufuata wingi wa mbao zilizoletwa. Somo hili ni la mtu anayejenga nyumba ya kawaida ya kuishi hapa Tanzania na ambaye bado hajanunua mbao, kwa sababu mteremko ukishafungwa kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kuurekebisha ni kazi ya gharama.

Hatua ya kwanza: taja mteremko kwa kipimo kinachoeleweka

Fundi akikuambia kwamba kenchi itainuka mita 1.5 katikati, bado hajakutajia mteremko. Kwenye nyumba ya mgongo wa tembo, yaani yenye paa la pande mbili zinazokutana kileleni, na yenye upana wa mita 6, mwinuko huo hutoa nyuzi 26 na zaidi kidogo. Kwenye nyumba ya mita 8 hutoa kama nyuzi 20. Na kwenye nyumba ya mita 12 hushuka mpaka nyuzi 14. Kimo ni kile kile, lakini hayo ni mapaa matatu yenye tabia tofauti kabisa wakati wa mvua. Kwa hiyo kubalianeni kwa sentimita za kupanda katika kila mita 1 ya kwenda mbele: sentimita 18 ni nyuzi 10, sentimita 27 ni nyuzi 15, sentimita 36 ni nyuzi 20, sentimita 47 ni nyuzi 25, na sentimita 58 ni nyuzi 30. Andika kipimo hicho kwenye ramani na kwenye makubaliano yenu ya kazi.

Hatua ya pili: anza na bati, kisha rudi kwenye mbao

Kinachozuia maji yasipenye kwenye maungio ya pembeni ni kimo cha mgongo wa bati. Bati la migongo mipana iliyoinuka linaweza kufanya kazi hata kwenye nyuzi 5, ilimradi lifungwe vizuri na liwe refu bila kuunganishwa katikati. Bati la kawaida la migongo midogo ya mawimbi lina mifereji mifupi inayojaa haraka, na ushauri wangu ni kutolishusha chini ya nyuzi 15. Bati la mfano wa kigae lina vingazi vinavyopunguza kasi ya maji; wengi wa watengenezaji wake huweka kiwango cha chini kabisa kati ya nyuzi 12 na 15, nami huona kwamba nyuzi 20 na kuendelea ndizo salama, tena ndizo zinazolipa umbo lake haki. Mwombe muuzaji karatasi ya maelekezo ya kiwanda kabla ya kulipa, kwa sababu kiwango kilichoandikwa humo ndicho cha kufuatwa.

Hatua ya tatu: kokotoa kwa nyumba yako

Tuchukue nyumba yenye upana wa mita 8, ambayo paa lake linatokeza sentimita 60 nje ya ukuta kila upande. Kutoka usawa wa kilele mpaka mwisho wa paa ni mita 4.6 zikipimwa sambamba na ardhi. Kwa nyuzi 15, kenchi itapanda takriban mita 1.07 juu ya ukuta na bati litakuwa na urefu wa mita 4.76. Kwa nyuzi 20, kenchi itapanda mita 1.46 na bati litafika mita 4.9. Kwa nyuzi 30, kenchi itapanda mita 2.31 na bati litafika mita 5.31.

Ukinunua mabati ya kawaida ya mita 3, kila mstari wa kutoka kileleni mpaka mwisho wa paa huhitaji mabati mawili kwa miteremko yote hiyo mitatu, kwa hiyo kutoka nyuzi 15 hadi 20 hakuongezi hata bati moja. Kinachoongezeka ni mbao za kenchi, nazo kwa tofauti ya sentimita 39 si nyingi. Naona huruma mtu anapobana mteremko kwa hofu ya gharama ambayo hakuikokotoa.

Hatua ya nne: chunguza maungio na vali

Hapa ndipo mapaa mengi huvuja. Maji yanayoteremka polepole hunyonywa kati ya mabati mawili yanayolaliana, na upepo huyasukuma zaidi kwenda juu. Kwenye nyuzi 15 na kuendelea, bati la juu lilalie la chini kwa milimita 150 au zaidi. Mteremko ukiwa mdogo kuliko huo, ongeza mpaka milimita 200 au 250 na uweke gundi ya kuzibia katikati, au, lililo bora, agiza bati moja refu linalotoka kileleni mpaka mwisho.

Vali, yaani bonde linalokutanisha pande mbili za paa, huwa na mteremko mdogo kuliko paa lenyewe, na jambo hili husahauliwa sana. Paa la nyuzi 15 lenye kona ya mraba hutoa vali yenye nyuzi kama 11 tu. La nyuzi 20 hutoa vali ya nyuzi 14. Vali ndiyo inayobeba maji ya pande zote mbili, pamoja na majani ya mwembe wa jirani. Nyumba yenye kona nyingi, kwa hiyo, isijengwe kwa mteremko wa chini kabisa unaoruhusiwa na bati.

Hatua ya tano: upepo

Paa la mteremko mdogo hunyanyuliwa na upepo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hewa inayopita juu yake kwa kasi hulivuta kwenda juu. Wakazi wa pwani waliopitia kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 hawahitaji kuelezwa zaidi. Funga kila kenchi kwenye lenta, yaani mkanda wa zege ulio juu ya kuta, kwa chuma kilichozikwa ndani ya zege, na punguza sehemu inayotokeza nje ya ukuta. Mahali ambapo kusi huvuma kwa nguvu, anza kutandaza bati kutoka upande wa kaskazini, ili mdomo wa kila ungio uupe upepo mgongo.

Hatua ya sita: hakiki kabla ya kupiga papi (mbao za kufungia bati)

Kenchi ya kwanza ikisimama, chukua pima maji ya mita 1, igusishe ncha yake kwenye mbao ya mteremko, ilaze sawasawa, kisha pima nafasi iliyo chini ya ncha ya pili. Ukikuta sentimita 30 mahali mlipokubaliana 36, simamisha kazi papo hapo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nataka nyumba yenye paa lililofichwa nyuma ya kuta. Je, nyuzi 5 zinatosha?*

Marahaba. Zinatosha kwa bati refu la migongo mipana lisilo na kiungo hata kimoja, lakini mimi ningekwenda mpaka nyuzi 8 au 10. Mfereji wa ndani uwe mpana, uteremke angalau sentimita 1 kwa kila mita, na ukuta utobolewe tundu la dharura chini ya usawa wa bati, ili bomba likiziba maji yamwagike nje badala ya kushukia kwenye dari.

*Ndugu mwalimu, tunavuna maji ya mvua. Paa kali litajaza tangi haraka zaidi?*

Hapana, ndugu yangu. Milimita 1 ya mvua hutoa lita 1 kwa kila mita ya mraba ya eneo ambalo paa limefunika chini, uwe mteremko mkali au mdogo. Paa kali hujisafisha vumbi upesi zaidi, na hiyo ni faida kwa tangi.

*Je, paa lililoinuka sana hupunguza joto ndani?*

Huongeza nafasi ya hewa juu ya dari, lakini hewa hiyo isipopata matundu ya kutokea hubaki na joto lake. Matundu hayo yawekwe kileleni na chini ya sehemu inayotokeza nje.

*Habari za kazi, mwalimu. Baraza langu lina upana wa mita 2.5 na linavuja pale mabati yanapolaliana. Nibomoe?*

Pima kwanza. Kwa nyuzi 15, bati linapaswa kushuka sentimita 67 kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo. Ukikuta 20, una nyuzi 5 hivi, ambazo hazifai kwa bati la migongo midogo lililounganishwa. Ng'oa bati, pandisha upande wa ukutani ikiwa dirisha na paa kubwa vinaruhusu, au punguza nguzo za mbele bila kuwagongesha watu vichwa. Visipowezekana vyote viwili, weka bati moja moja la migongo mipana lenye urefu kamili, na misumari ipigwe juu ya mgongo pamoja na raba zake, kamwe isipigwe kwenye mfereji.