Lumbesa: namna ya kuikwepa unapouza viazi

Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kilemba na kushonewa kamba juu, kisha likalipiwa kama gunia la kawaida. Kuanzia Uporoto na Umalila mkoani Mbeya hadi Kilolo mkoani Iringa, ukisikia "kafungashiwa lumbesa," jua mkulima kaibiwa mchana kweupe. Sheria ya Tanzania inataka kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100, lakini shambani mlinzi wa sheria hiyo ni wewe.

Anza na bei. Patana kwa kilo, tena kabla jembe halijagusa tuta. Viazi vikishalala juani mnunuzi ndiye mwenye nguvu: vinageuka kijani, mvua ikija vinaoza, na utakubali lolote. Kata majani wiki mbili kabla ya kuchimba ili ngozi ikomae, na wiki hizo ndizo za kupatana.

Mizani iwe na stika ya mwaka huo ya Wakala wa Vipimo, wakaguzi wa mizani wa serikali. Ining'inize kwenye mti au nguzo imara; gunia likigusa chini, namba inapungua. Mshale usimame kwenye sifuri kabla ya kupakia chochote. Kisha ijaribu kwa maji: pima ndoo tupu, mimina lita 20 kwa chupa ya lita moja, pima tena. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tofauti iwe kilo 20. Ikisoma 18, mizani hiyo inakula viazi vyako, usiikubali. Soma mshale ukiwa usawa wa macho, toa uzito wa gunia tupu, andika kila gunia kwenye daftari na mnunuzi asaini.

Dalali atakwambia wenzako wote wanajaza. Mpigie hesabu. Tuseme gunia la kilo 100 ni sh 60,000, yaani sh 600 kwa kilo. Lumbesa ya kilo 130 kwa bei ileile inabeba kilo 30 za bure, sh 18,000. Kwa magunia 20 umepoteza sh 360,000. Naye anafaidi mara ya pili pale nauli inapohesabiwa kwa gunia.

Ukigoma peke yako atahamia kwa jirani, kwa hiyo kubalianeni kitongoji kizima kabla ya msimu. Anayelazimisha, andika namba ya gari lake na uipeleke ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa, iwe Mbeya, Iringa au Njombe, kabla mzigo haujaondoka.