Ripoti ya mtoto imeandikwa RPS6KA3, unaanzia wapi?

Kwanza tuwekane sawa, ni jeni, sio jini. Nacheka ila sitanii, siku dada angu alivyorudi na ripoti ya mwanae, wa kwanza kupigiwa simu alielewa mtoto ana jini na jioni ile ile mganga akatajwa. Kwahiyo ukieleza nyumbani sema tu kuna sehemu ya maelekezo ambayo mwili unayafata kujijenga imekosewa, basi, watu wataelewa.

Mi ni mjomba wa mtoto, sio daktari, haya nayoandika ni yale ambayo ningependa mtu anieleze wakati ule tumeishika karatasi kama barua ya mahakama. Ugonjwa wenyewe unaitwa Coffin-Lowry. Hilo Coffin usilishtukie, sio jeneza, ni jina la daktari, Grange Coffin aliyeuandika 1966, alafu Robert Lowry akauandika 1971 kama kitu kingine, 1975 ndo ikaonekana ni ugonjwa mmoja. Jeni yenyewe ilijulikana 1996.

Inafanya nini? Chukulia mtaa wako. Tangazo la serikali ya mtaa haliruki tu likatua mlangoni, linapita kwa huyu, anampa yule, mpaka mjumbe wa nyumba kumi anakuja kugonga hodi. Kwenye seli ni hivyo hivyo, ishara ikitoka nje inapokelewa mlangoni, inapita kwa protini moja inaitwa Ras, inaenda kwa zingine, Raf, MEK, ERK, na kuanzia Raf kila mmoja anamgongea anaefata muhuri wa fosfeti ndo nae anaamka kufanya kazi. ERK anamgongea RSK2, na RSK2 ndo protini inayotengenezwa na jeni yetu hii. Huyu ndo mjumbe, anaingia mpaka ndani kwenye kiini cha seli anamgongea muhuri protini nyingine inaitwa CREB, na CREB anawasha jeni zingine, zikiwemo zinazotumika ubongo unapojifunza na kutunza kumbukumbu. Mjumbe akiwa hayupo au ni mgonjwa tangazo linaishia njiani. Ndo maana mtoto anachelewa kuongea, anachelewa kutembea, darasani mambo hayashiki.

Sasa ishike ripoti. Usianze na maelezo marefu, tafuta mstari wenye jina la jeni, pembeni utakuta c. na namba, alafu p. na namba. Ya c. inasema herufi gani imebadilika kwenye maelekezo, ya p. inasema protini imeathirika wapi. Ukiona Ter au kinyota, protini imekatwa kabla haijaisha (ikiwa kamili ina amino asidi 740, yaani vipande vidogo vinavyoungwa kuwa protini). Ukiona fs, herufi zimesogea, kuanzia hapo kila kitu kinasomeka ovyo. Ikiwa amino asidi moja tu imebadilishwa na nyingine hapo usikimbilie kuhukumu, inategemea imeangukia sehemu gani.

Kikubwa kuliko vyote ni daraja ambalo badiliko hilo limepewa. Yapo matano, toka lisilo na madhara mpaka linaloleta ugonjwa, na katikati kuna VUS yaani badiliko limeonekana ila maana yake bado haijajulikana. VUS sio jibu jamani. Nimeona watu wanalia kwa VUS, na nimeona wengine wanabeba VUS wanaenda kumtuhumu mke. Muulize daktari kitu gani kifanyike ili ijulikane, mara nyingi ni kupima wazazi.

Na kama mtoto alipimwa kromosomu, yaani vile vitabu vinavyobeba jeni, zikaonekana ziko sawa, usiseme tumeshapima jenetiki tukamaliza. Kipimo kile kinahesabu vitabu na kuangalia kama kurasa kubwa zimechanika, herufi moja iliyokosewa hakiioni. Sisi tulikaa na karatasi ya kila kitu sawa muda mrefu tu, huku mikono ya mtoto inasema yote kwa anaejua: laini, minene, vidole vipana shinani vinachongoka nchani.

Baada ya hapo chukua daftari uchore ukoo. Mwanaume mraba, mwanamke duara, mwenye ugonjwa mpake wino. Jeni ipo kwenye kromosomu X na mtoto wa kiume X yake anaipata kwa mama, kwahiyo penseli iende upande wa mama: wajomba, watoto wa kiume wa mama wakubwa na mama wadogo, kaka zake bibi. Kwa mtoto wa kiume, baba wadogo na mashangazi waache wapumzike, hawahusiki hapa, japo kwa uzoefu wangu mashangazi ndo wanaongea kuliko wote.

Bibi tulimuuliza mara tatu. Ya kwanza na ya pili akasema kwetu hakuna. Ya tatu alikuwa anachambua mchele, akaacha ungo, akasema alikuwepo kaka yake, mpole, hakuongea maneno ya kutosha, ukipiga kelele anaanguka, alikufa kijana. Hajawahi kumtaja. Ndo nikachora mraba nikaupaka wino, na dada alipopimwa ikaonekana anabeba. Mi mzima, ila uzima wangu hauthibitishi chochote, nilibahatika tu kupewa ile X nyingine ya mama.

Hesabu iko hivi, mama anaebeba kila mimba ni nusu kwa nusu kuipitisha. Wa kiume akiipata anaugua, wa kike anaweza asiwe na kitu, au dalili kidogo, au nyingi, maana ana X mbili na kila seli inazima moja. Lakini kumbuka, familia kama 7 mpaka 8 kati ya 10 hazina mgonjwa mwingine, badiliko limejitokeza upya kwa huyo mtoto, na hata pale mama anapobeba hakuna alichofanya, hakula kitu, hakulaaniwa. Mama akipimwa akaonekana hana bado usiseme mimba ijayo ni sifuri, kuna mara chache badiliko linakuwa kwenye mayai tu bila kuonekana kwenye damu.

Sasa kuanguka mtoto akishtuka, hapa ndo penye kazi. Sio wote, kama mmoja kati ya watano, na mara nyingi inaanza akishakuwa mkubwa mkubwa. Mfuniko wa sufuria unaanguka jikoni, paaa, na mtoto anashuka chini kama nguo iliyotolewa msumarini, miguu imekata nguvu, macho yanakuona, anakusikia, sekunde chache anainuka anatabasamu. Hospitali moja ilituambia kifafa, miaka miwili dawa. Kipimo cha umeme wa ubongo mara nyingi kinatoka safi kwa hali hii, na wapo wachache wenye kifafa kweli pia, kwahiyo usibishane na daktari kwa maneno, rekodi video kwa simu, ianze kabla ya kuanguka ili kelele isikike, umuonyeshe. Dawa zipo zinazosaidia baadhi ila zote ni za kuandikiwa, usimpe za mtoto wa jirani. Nyumbani ondoa meza zenye ncha, kona zifunge magodoro, njiani mshike upande usio wa barabara maana honi ya bodaboda moja inatosha, na kama anaanguka mara nyingi helmeti au kiti cha magurudumu sio aibu.

Vipimo vya kufatilia: masikio (mtoto asiesikia anaonekana haelewi, mkaongeza tatizo juu ya tatizo), eko ya moyo kwa ajili ya vali, meno, na mgongo hasa anapokua, kibyongo kinakuja taratibu, mvue shati umuangalie kwa nyuma kila baada ya muda. Mazoezi ya kuongea anza sasa, usisubiri shule.

Shuleni tuliandika karatasi ya mistari mitatu kwa mwalimu: muite jina kwanza akuone ndo umguse. Akianguka mkalishe, hajapoteza fahamu. Usimuweke karibu na kengele. Kengele yenyewe ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwembe inagongwa na nondo, we fikiria. Siku hizi kabla haijagongwa kuna kabinti ka darasani kwao kanakimbia kumshika mkono, kanamwambia, inalia sasa hivi.