Kifundo kilichoumia: anza kupima mguu mzima

Mtu akiletwa anachechemea, mkono wako utakimbilia palipovimba. Uzuie. Mimi huanza na mguu mzima, yaani ule usioumia: naushika, naukunja, nauvuta, nijue viungo vya mtu huyu vimelegea kiasi gani siku zote. Wapo waliozaliwa na viungo vilegevu, na ukipima mguu mmoja tu utawaandikia bure kwamba ligamenti, ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa, imekatika.

Swali la kwanza ni mfupa. Hapa nafuata kanuni za Ottawa za kuamua nani apigwe eksirei, zilizotoka Kanada mwaka 1992. Bonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma wa vinundu viwili vya kifundo, cha nje na cha ndani, kuanzia sentimita 6 juu hadi nchani. Bonyeza mfupa, si uvimbe. Telemka polepole huku ukimtazama usoni. Uso husema kabla ya mdomo. Halafu nenda kwenye kitako cha mfupa wa kidole kidogo, ule unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, kisha mfupa wa navikula, upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Mwisho atembee hatua 4, hata kwa kuchechemea. Pakiuma popote hapo, au hatua hizo zikiwa zilimshinda alipoumia na bado zinamshinda, apigwe eksirei. Mlevi, au mwenye kisukari aliyekwisha kufa ganzi miguuni, usimpime kwa maumivu, mpeleke tu.

Eksirei ikiwa safi, au haikuhitajika, njoo kwenye ligamenti. Akae mguu ukining'inia, goti limekunjwa, vidole vimeelekea chini kidogo. Mkono mmoja uzuie muundi juu ya kifundo, mwingine ukumbatie kisigino na kukivuta mbele. Kikija mbele kuliko cha mguu mzima, au ngozi ikibonyea mbele ya kinundu cha nje, ligamenti ya mbele imekatika. Siku ya kwanza kipimo hiki hudanganya kwa sababu misuli imekaza kwa maumivu. Mimi hukirudia siku ya 4 au ya 5.

Finya pia mifupa miwili ya mguu pamoja, katikati ya shavu la mguu. Akisikia maumivu chini, kifundoni, shuku ligamenti zinazoifunga mifupa hiyo. Hizo hupona taratibu, asiharakishwe kurudi uwanjani.

Kuna kipimo nilichojifunza kwa aibu. Alikuja bwana mmoja akasema alihisi kama amepigwa teke kisiginoni, akageuka, hakuona mtu. Nikamwambia asukume wayo chini, akasukuma. Nikaandika: ameteguka. Baada ya wiki tatu akarudi, hawezi kusimama kwa ncha ya mguu huo. Kano ya Akilisi, ile inayounga misuli ya shavu la mguu na kisigino, ilikuwa imekatika, na iliyosukuma wayo siku ile ni misuli mingine midogo, ile ya vidole na ya nyuma ya muundi.

Kwa hiyo usimwombe asukume. Mlaze kifudifudi, nyayo zipite ukingo wa kitanda, alegee kabisa, kisha finya shavu la mguu. Wayo wa mguu mzima huinama wenyewe. Nilipofinya wa bwana yule haukutikisika hata kidogo. Akainua kichwa kutoka kwenye mto akaniuliza kama nimeshaanza.